Weupe kwenye CT si ugumu: mpini wa mguso wa kufundishia sindano ya mgongo

Wengi wanaotengeneza kifaa cha kumfundisha daktari mwanafunzi kuchoma sindano ya mgongo, yaani mpini unaosukumwa na mota ili mkono uhisi kama unatoboa mwili, huanza kwa kuchukua picha za CT (eksirei zinazouonyesha mwili vipande vipande), wakageuza namba za weupe kuwa namba za ugumu na kuzipeleka moja kwa moja kwenye mota. Tafadhali msifanye hivyo. Namba hizo za weupe, zinazoitwa za Hounsfield, zinapima jinsi tishu inavyozuia eksirei, basi. Hewa ni −1000, maji 0, mafuta karibu −100. Ini na msuli zote huangukia kwenye 50 hivi, lakini sindano ikipita humo mkono unasikia mambo mawili tofauti kabisa.

Picha iseme tabaka liko wapi na lina unene gani. Ugumu utokane na vipimo vya nguvu ya sindano, au na daktari wa ganzi mzoefu atakayeshika mpini akwambie "ongeza" au "punguza" mpaka aridhike.

Omba vipande vya picha vyenye unene wa mm 1. Vya mm 5 vinachanganya mfupa na uwazi ulio chini yake, hivyo mlango wa kupitisha sindano kati ya pingili unaonekana mwembamba kuliko ulivyo, au umeziba. Na kabla faili za DICOM (muundo wa picha za hospitali) hazijatoka hospitalini, jina na namba ya mgonjwa vifutwe.

Sasa mpini wenyewe. Mwendo mmoja, wa kusukuma na kuvuta, unatosha kwa somo hili. Kwenye mota weka kapi la nusu kipenyo mm 5, nalo livute kwa waya kipande cha gurudumu chenye nusu kipenyo mm 75, na mpini ukae ukingoni. Mota inayohimili milinyutoni-mita 20 itakupa nyutoni 4 mkononi. Enkoda (kihisi cha mzunguko wa mota) ya hatua 2000 kwa mzunguko itakuonyesha mwendo wa mm 0.016. Gia ziache: kati ya meno yake kuna nafasi, na kila ukibadili mwelekeo mkono unasikia "tak" ambayo mwilini haipo.

Waya wa chuma uliosukwa ni mzuri, ila hewa ya chumvi ya Tanga inauotesha kutu, hasa pale unapojikunja kwenye kapi. Kwa wauza zana za uvuvi tafuta mshipi wa kusuka wa poliethilini. Ule wa nailoni unavutika, na kano ya mgongo itageuka mpira. Wa kusuka nao una tabia zake: fundo linateleza, kwa hiyo uzungushe mara kadhaa kwenye skrubu kabla ya kufunga, tena hurefuka polepole ukikazwa muda mrefu, basi weka skrubu ya kukazia na uulegeze kazi ikiisha.

Panapoharibika zaidi ni kwenye programu. Picha ikichorwa mara 30 kwa sekunde, jicho linaridhika. Nguvu lazima ihesabiwe mara 1000. Ukiweka picha na nguvu kwenye mzunguko mmoja wa programu, mkono utasubiri picha. Kanuni ni hii: ugumu usizidi mara mbili ya msuguano wa kifaa (ule unaoongezeka na kasi) ukigawa kwa muda wa hatua moja ya hesabu. Msuguano ukiwa 0.5 N·s/m na hatua milisekunde 1, mwisho wako ni N/m 1000. Hatua ikiwa milisekunde 10, unabaki na 100: mfupa unakuwa sponji, na ukilazimisha zaidi mpini unatetemeka wenyewe. Kwa hiyo nguvu ihesabiwe kwenye bodi ndogo iliyo karibu na mota. Kompyuta iipelekee tu kina cha kila tabaka na ugumu wake.

Kwa kila tabaka andika vitu vitatu: upinzani kabla ya kutoboka, nguvu inayotobolea, na msuguano unaobaki pembeni mwa sindano. Kwenye ligamentum flavum (kano ya mgongo iliyo kati ya pingili) upinzani uongezeke, kisha ukatike ghafla. Msuguano usiufute hapo, maana tabaka zote zilizopitwa bado zimeibana sindano. Ukiufuta, mwanafunzi atazoea mteremko mkubwa wa nguvu ambao hatoukuta kwa mgonjwa.

Mota hii muda mwingi inasukuma huku imesimama, hivyo joto linajaa ndani. Kwenye chumba chenye nyuzi 32 weka kikomo cha mkondo chini ya kile cha kwenye karatasi ya mota. Bodi isiposikia enkoda kwa milisekunde 10, nguvu iwe sifuri. Weka pia swichi kwenye mpini, ili mkono ukiachia, mota izime kabla mpini haujaruka.