Simu ya Dogo

Mimi ndiye niliyelipeleka neno lile barazani. Kwa muda mrefu nilitafuta mtu wa kumbebesha, na barazani watu wa kubebeshwa hawakosi, lakini kila nikirudisha mkanda nyuma naikuta sauti ni yangu.

Baraza letu liko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Baada ya swala ya alasiri muuza kahawa huweka birika lake juu ya mkaa, kashata zikapangwa kwenye sinia, na ubao wa drafti ukatolewa uvunguni mwa benchi. Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi kilichopigwa rangi na mtu asiyekuwa na rula. Kete ni visoda, 12 chali na 12 kifudifudi. Upande wa pili wa barabara wapo wazee wa bao, ambao hututazama sisi wa drafti kama watu wanavyotazama watoto wanaocheza kombolela.

Mwenye ubao alikuwa fundi cherehani mmoja, mtu wa makamo, mpole, anayeshona sare za shule. Tulimwita Bwana Fundi tu. Sikumbuki lini alifungwa seti nzima. Alikuwa hacheki akishinda wala hanuni akitoa sare. Alikuwa anasogeza kisoda kwa kidole kimoja, kana kwamba anafuata mstari wa chaki kwenye kitambaa.

Miye kwenye drafti ni mtazamaji. Mchezo wangu ni sataranji, hiyo vijana wanayoiita chesi. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Kihindi niliyekuwa nauza dukani kwake nikiwa kijana. Adhuhuri alifunga mlango nusu, akatoa sanduku la mbao, akanifunga michezo mitatu kabla ya chakula. Alipofariki sikupata tena mtu wa kucheza naye. Nikabaki na simu, natazama mashindano ya Ulaya na Marekani usiku, mke wangu akilalamika kwamba namaliza bando kutazama watu waliokaa kimya.

Dogo alikuja mwezi wa saba mwaka 2022 kutoka Pangani, akafikia kwa shangazi yake, akawa anabeba mizigo Soko la Mgandini. Miaka 17 hivi. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Huyu alikuja leo, na kabla ya magharibi akawa anauliza ufunguo wa mji uko kwa nani. Alisimama juu ya ubao dakika tano, akamwambia mtu aliyekuwa anacheza, "Hapo ushakufa, inuka," na mtu yule alikuwa na umri wa baba yake. Tukamkemea. Akakaa, akacheza, akatoa kete moja bure. Kula ni lazima, mpinzani akala, naye akala tatu mfululizo, visoda vikilia ta-ta-ta kwenye plaiwudi. Kisha akanyoosha mkono: "Sasa shikamoo."

Ndivyo alivyokuwa. Wengine husalimu kwanza wakacheza; yeye alikula kwanza ndipo akasalimu. Akimbakiza mtu na kete mbili alimuuliza kama amfungashie azipeleke nyumbani kwa watoto. Nilimpenda kwa hilo, nisiwe mwongo. Baraza lilikuwa limepoa na yeye alilichochea.

Nikaamua kumfundisha sataranji. Nilimweleza farasi anavyoruka, ngome inavyokwenda moja kwa moja, na kwenye ile simu yake iliyopasuka kioo nikamwekea mimi mwenyewe programu ya kufanyia mazoezi. Wiki ya kwanza nilimfunga nilivyotaka. Wiki ya pili akaniambia amekuwa halali, anacheza na simu mpaka alfajiri. Wiki ya tatu akanifunga. Nikadai nilikuwa na usingizi. Akanifunga tena, akakusanya kete zangu, zile za mbao nilizoachiwa na mzee, akasema, "Mwalimu, mchezo wako huu mbona mwepesi?"

Nilicheka. Kila mtu alicheka. Usiku ule sikulala vizuri.

Jumapili ya tarehe 4 Septemba, mashindano ya Sinquefield Cup yalikuwa raundi ya tatu, Saint Louis huko Marekani. Kwao mchana, kwetu usiku. Ni mashindano ya wachezaji kumi tu, wa juu kabisa duniani, na kijana mmoja Mmarekani, Hans Niemann, miaka 19, aliingizwa dakika za mwisho kwa sababu Richard Rapport alishindwa kusafiri. Alikuwa wa chini kuliko wote kwa viwango, pointi 2,688. Usiku ule alikutana na bingwa wa dunia, Magnus Carlsen, mwenye 2,861. Carlsen alikuwa na kete nyeupe, na alikuwa amecheza michezo 53 ya muda mrefu bila kupoteza hata mmoja.

Niliutazama mchezo ule chini ya shuka. Kijana hakurusha mateke, hakufanya miujiza. Alipata nafasi ndogo akaishikilia, akakaza, akakaza, mpaka hatua ya 57 bingwa akanyoosha mkono wa kukubali. Halafu kijana akahojiwa, nywele timutimu, akasema lazima ni aibu kwa bingwa wa dunia kufungwa na mtu kama yeye, na kwamba anamwonea huruma. Akasema pia kwamba ule mwanzo alioucheza Carlsen, yeye alikuwa ameupitia asubuhi ile ile, kwa bahati ya ajabu.

Jumatatu jioni niliisimulia habari nzima barazani. Sijawahi kusikilizwa vile. Dogo aliruka kutoka kwenye benchi.

"Anamwonea huruma! Huyo ndugu yangu! Kumbe tuko wawili duniani."

Akamgeukia Bwana Fundi. "Babu, kesho nije nikuonee huruma?"

Bwana Fundi alikuwa anakunywa kahawa. Akasema, "Njoo."

Usiku wa Jumatatu hiyo Carlsen akajitoa mashindanoni. Katikati ya mashindano, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakueleza sababu. Aliweka tu kipande cha video cha José Mourinho akisema kwamba akizungumza ataingia kwenye matatizo makubwa. Mourinho hahitaji kutambulishwa Ngamiani. Mtu asiyejua farasi wa sataranji ana pembe ngapi anajua uso ule na maana yake. Dunia nzima ya mchezo ikaelewa kwamba kijana anashukiwa wizi wa mchezoni, yaani kusaidiwa kwa siri, ingawa bingwa hakulitaja neno hilo. Waandaaji wakaongeza ukaguzi mlangoni, na matangazo ya moja kwa moja yakacheleweshwa dakika 15.

Jumanne, basi. Watu walijaa hadi wazee wa bao wawili wakavuka barabara. Mchezo wa kwanza dogo alishinda. Akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Mchezo wa pili ulikuwa mrefu. Bwana Fundi alipata kingi mapema, nasi tukadhani mambo yamerudi mahali pake, lakini dogo alimtegea kingi yule kona ya chini, akamlisha kete mbili kama mtu anayelisha kuku, akamkamata. Akatoa tena simu, akaandika kitu, akairudisha. Safari hii hakuwa anapiga kelele. Nadhani alikuwa anaogopa kushinda. Mchezo wa tatu ulikwisha upesi. Tatu bila.

Kabla watu hawajapiga makofi, nikasikia mtu anasema kwa sauti ya utani: "Na hiyo simu kila saa ya nini, dogo? Au nawe unasaidiwa kama yule Mmarekani?" Kisha mtu huyo huyo akawahadithia habari ya Carlsen na ile video, kwa madoido, akiigiza na uso wa Mourinho.

Mtu huyo nimekwisha kumtaja pale juu.

Nilikuwa najua kwamba drafti ya visoda juu ya plaiwudi, mbele ya watu thelathini wanaokupumulia kisogoni, huwezi kuichezea simu mfukoni. Nilijua pia kijana yule alikuwa anakesha, kwa kuwa programu nilimwekea mimi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka na lilikuwa linachekesha, na mimi nilikuwa na wiki mbili sijachekesha mtu.

Dogo alimtazama Bwana Fundi. Sote tulimtazama. Yeye akafagia visoda kwa kiganja, akavitia koponi, akainuka, akasema, "Haya, tukijaaliwa," akaenda zake. Kimya kile kikatutosha. Bwana Fundi mtu wa haki, tukasema. Kaona kitu, kamstahi tu kijana wa watu. Mpaka kahawa inakwisha tulikuwa na mashahidi watatu walioiona simu inawaka.

Jumatano dogo alipokuja aliambiwa aiweke simu kwenye kopo la visoda kabla ya kucheza. Akacheka, akaiweka. Akashinda. Wakasema huenda kuna mtu anampa ishara, wakawaondoa watoto waliokuwa nyuma ya ubao. Akashinda. Mmoja akamwambia akung'ute mifuko. Hapo akasimama, akavua shati, akalitundika kwenye msumari wa kibanda. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani, na mabegani alikuwa na alama nyeusi za magunia.

"Na suruali?" akauliza. Hakuna aliyejibu. "Nauliza, na suruali nivue?"

Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimesoma kwamba Niemann amehojiwa tena, akakiri kuwahi kudanganya kwenye michezo ya mtandaoni akiwa na miaka 12 na tena 16, akaapa hajawahi kufanya hivyo ana kwa ana ubaoni, na akasema wakitaka atacheza uchi. Habari hiyo sikuipeleka barazani. Dogo aliifikia kwa njia yake.

Alicheza michezo miwili kifua wazi, akashinda mmoja, akapoteza mmoja kwa uzembe nadhani wa makusudi, akavaa, akachukua simu yake koponi. Bwana Fundi hakuja jioni ile, wala iliyofuata. Dogo alikuja Alhamisi, akauliza, "Babu yuko wapi?", akasubiri mpaka adhana ya magharibi. Baada ya hapo hatukumwona tena barazani.

Ya Marekani niliendelea kuyafuata kama mtu anayekuna kidonda. Mwishoni mwa Septemba Carlsen alisema wazi kwamba anaamini kijana amedanganya zaidi kuliko alivyokiri. Tovuti kubwa ya mchezo ikatoa ripoti ya kurasa 72 kuhusu michezo ya mtandaoni, zaidi ya 100 ikadhaniwa ina walakini. Kuhusu ule mchezo wa Saint Louis, ushahidi haukupatikana. Kijana akafungua kesi ya dola milioni 100, wakaja kumalizana Agosti 2023. Mimi sina la kusema juu ya moyo wa Niemann. Ila Desemba 2023 kamati ya maadili ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ilimtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu ya msingi. Kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi milioni 25.

Siku niliyoisoma hiyo faini nilikwenda kwa Bwana Fundi. Ilikuwa mchana, saa saba na nusu hivi, muda ambao kwa kawaida niko kazini. Alikuwa na rundo la sare, shule zilikaribia kufunguliwa. Nikamsalimu, nikamweleza. Alisikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Euro elfu kumi," akasema. "Na wewe walikutoza ngapi?"

Nikajifanya sikusikia. Nikamuuliza kitu nilichokuwa nimekaa nacho zaidi ya mwaka: jioni ile ya Jumanne, alipoinuka bila neno, alikuwa ameona nini?

Cherehani ikasimama.

"Nione nini? Nilifungwa. Mtu akifungwa anakwenda kwake. Na nilikuwa na kaptura arobaini za kumalizia."

"Lakini hukuja tena wiki nzima."

"Kaptura arobaini, bwana."

Nilikaa pale kwenye kiti cha wateja nisijue mikono niiweke wapi. Nikamwambia, kama angesema neno moja tu, baraza lingemwacha kijana. Akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile.

"Hakuna aliyeniuliza. Nyie mliniangalia tu."

Akakata uzi kwa meno, akainuka kuchukua kitambaa kingine. Alipokivuta kutoka kwenye meza ya kukatia, chini yake nikaona miraba iliyochorwa kwa chaki ya fundi, minane kwa minane, mistari imenyooka kuliko ya ubao wetu wowote. Pembeni kulikuwa na makopo mawili ya vifungo, vyeupe na vyeusi.

"Huwa anakuja mchana," akasema, "nyie mkiwa makazini. Akitoka sokoni."

"Dogo? Bado yuko Tanga?"

"Aende wapi?"

Nikauliza nani sasa anamfunga nani. Bwana Fundi alitandaza kitambaa juu ya miraba, akakilainisha kwa viganja viwili, akatia sindano mdomoni, na mtu mwenye sindano mdomoni huwezi kumuuliza tena. Nje mkokoteni ulisimama. Nikasikia mtu anapiga miluzi, na hatua zinapanda ngazi mbili mbili.