Gegedu: meno ya mpakani yameisha

Hatimaye! Katika modeli yangu ya kompyuta ya gegedu, ile tishu laini ya kwenye viungo, grafu ya ukolezi wa sodiamu inafika kwenye uso wa gegedu, inaruka mara moja, inatulia.

Wanaohesabu haya mambo wanaujua usumbufu wenyewe. Nje kuna maji ya chumvi ya 0.15 mol/l. Ndani, proteoglikani (molekuli kubwa za protini na sukari) zimenaswa humo pamoja na chaji zao hasi, ambazo nimezipa 0.2 mol/l. Kanuni ya Donnan, ya jinsi ioni zinavyogawanyika kando ya chaji zisizohama, inadai sodiamu ipande hadi 0.28 papo hapo mpakani, na kloridi ishuke hadi 0.08. Elementi za kawaida, yaani vipande vidogo ambavyo modeli hugawanywa, haziwezi kuruka hivyo, maana kila nodi (pointi zinapokutana) ina thamani moja tu. Basi zikanipa meno ya msumeno. Nikipunguza ukubwa wa elementi, meno yanasogea karibu zaidi na mpaka, urefu uleule. Kuna mahali kloridi ilisoma chini ya sifuri. Chumvi pungufu ya hakuna! Wala kubandika 0.28 kwa mkono hakusaidii, kwa sababu gegedu likibanwa maji hutoka, chaji zinabaki, na thamani hiyo inahama kila hatua.

Dawa: usitatue ukolezi. Kisichokatika mpakani ni potenshali ya kielektrokemia, yaani msukumo wa ukolezi na wa umeme kwa pamoja unaoisogeza ioni. Kwa hiyo kigeu changu sasa ni ukolezi uliogawanywa kwa mgawo wa Donnan wa ioni husika, yaani mara ngapi ioni hiyo hujikusanya ndani kuliko nje. Mfumo ukitulia, husoma 0.15 nje na 0.15 ndani. Ukolezi halisi unarudishwa mwishoni. Kanieneo nayo nimeitoa sehemu ya osmosisi, kama MPa 0.15 kwenye 25 °C.

FEBio, programu ya kuiga tishu za mwili, inafanya yote haya tayari, najua. Ila napenda kuona milinganyo yangu kwa macho, na FEniCS, programu ya jumla ya elementi, inaniruhusu kuiandika karibu kama ilivyo kwenye karatasi. Ujumbe wake wa hitilafu lakini, ni adhabu.

Jaribio: tishu yenye maji 80%, nikaibana 10%. Chaji ikapanda kutoka 0.2 hadi 0.229, sawasawa na hesabu ya mkono.

Kilichokuwa kinafuata ni upenyezaji unaopungua kwa mbano. Kitasubiri, kalsiamu imeniteka. Ina chaji mbili, hivyo sodiamu ikijikusanya mara 1.87, kalsiamu kidogo tu ukiitia hujikusanya karibu mara 3.5! Mlinganyo wa mraba wa kutafuta mgawo huo unageuka wa kipeo cha tatu, lakini una jibu chanya moja tu. Newton naye (mbinu ya kukaribia jibu hatua kwa hatua) nikimwanzisha kwenye 1.87, juu kidogo ya jibu, anashuka bila kuyumba.