Mjusi hahitaji blanketi, anahitaji taa

Kuna kitu nakiona sana kwa watu wanaoanza kufuga mijusi, baridi ikiingia tu wanamfunika na kitambaa ati asiumwe. Jamani, blanketi halileti joto, linashikilia tu lile lililopo, wewe unalitengeneza mwilini ila mjusi halitengenezi, kwahiyo ukimfunika akiwa wa baridi anabaki hivyohivyo wa baridi na tena umemfungia njia ya kwenda kwenye taa.

Na joto lenyewe si la starehe. Bila joto la nje mjusi hawezi kumeng'enya chakula, kinakaa tumboni kinaoza, ndo maana unamwona kapoa, rangi imefifia, hataki kula na wewe unakazana kumsukumia wadudu mdomoni. Acha kwanza, kapime joto. Kwa Pogona, wale wa Australia wenye miiba shingoni, pale anapoota pafike kama 38 hadi 42 sentigredi, upande mwingine wa tanki 24 hadi 28 hivi. Geko wa madoadoa yeye sehemu ya moto ikiwa kama 32 inamtosha. Muhimu ni pande mbili, maana yeye mwenyewe ndo anajua saa ngapi aote saa ngapi akimbie, ukipasha tanki lote sawasawa umempika mnyama wa watu. Akiota huku kaachama mdomo usishtuke, anapunguza joto, ila akiachama na kamasi zinatoka na pumzi inakoroma hayo ni mapafu, mpeleke kwa daktari.

Kupima nako kuna shida, vile vithemomita vya kubandika kwenye kioo vinakusomea joto la kioo, wakati mjusi yupo juu ya jiwe chini ya balbu, tafuta chenye waya uweke palepale anapoota. Halafu yale mawe ya kuchomeka kwenye umeme mi siyataki kabisa, yanaunguza tumbo na mjusi hashtuki mapema. Chochote cha kupasha kipitie themostati, kile kifaa kinachokata umeme joto likizidi. Usiku zima taa zote, hata ile nyekundu, anaiona na inamsumbua kulala.

Sasa wengi wanachanganya taa ya joto na taa ya UVB, yaani ile inayotoa miale isiyoonekana kama ya jua. Bila UVB Pogona hatengenezi vitamini D3 ya kutosha, bila D3 kalsiamu unayomnyunyizia kwenye chakula haifyonzwi, basi mifupa inalainika, taya linavimba, miguu inapinda na kutetemeka. Kumweka dirishani hakusaidii, kioo kinazuia UVB karibu yote. Na bomba la UVB linaweza kuwaka vizuri tu huku miale imeshaisha, we badilisha kila miezi 6 mpaka 12 kutegemea aina.

Ah, na ukishamshika nawa kwa sabuni, mijusi wanabeba salmonela, bakteria wa kuharisha, hata wakiwa wazima kabisa, na watoto wadogo wasimbusu hata kama wanalia.