Maji Kidogo Ndani ya Miwani

Leo asubuhi maji yalikuwa ya baridi kuliko siku zilizotangulia, na kabla hatujafika hata kina cha mita 5 kioo cha miwani yangu ya kuzamia kilikuwa kimeshaingia ukungu. Nilifanya kile ambacho siku hizi mikono hukifanya bila kusubiri amri: niliachanisha kidogo ukingo wa chini wa miwani na shavu, nikayaruhusu maji kidogo yaingie, nikainamisha uso ili yapite juu ya kioo na kuuchukua ule ukungu, kisha nikainua macho, nikabana fremu ya juu kwenye paji la uso na kutoa pumzi kwa pua, polepole, mpaka maji yote yakatoka. Tukaendelea kushuka. Jioni hii nimekaa nikilitafakari jambo hilo dogo, kwa sababu maji hayo hayo ninayoyaita sasa yaje kunisaidia ndiyo niliyoyaogopa kuliko kitu kingine chochote nilipokuwa mwanafunzi.

Hofu ile haitoki machoni. Macho huvumilia maji, ingawa yatawasha kidogo na kila kitu kitaonekana kama kivuli. Ni pua inayoleta fadhaa. Maji yakigusa tundu za pua, koo hujibana na pumzi hukatika ghafla, hata kama regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa kutoka mtungini, imo mdomoni na mtungi umejaa hewa. Mwili hauelewi hesabu ya mtungi. Kwa hiyo, katika mazoezi yote ya mwanzo, nalithamini zaidi lile la kuvua miwani kabisa na kuendelea kupumua kwa mdomo kwa dakika 1 au zaidi, kwa kuwa ndilo linaloifundisha pua kutulia katikati ya maji, na mtu aliyekwisha kulizoea huweza kuondoa maji kwenye miwani bila papara. Mkufunzi anayelipitisha haraka ili amalize ratiba anamnyima mwanafunzi wake kitu kikubwa.

Wanaoanza wengi hudhani kwamba nguvu ndiyo inayohitajika. Hupuliza kwa kishindo kimoja, hewa ikatoroka pembeni, na nusu ya maji ikabaki palepale. Kumbe kazi yote inafanywa na tabia ya hewa kupanda juu: ikitoka puani hukusanyika sehemu ya juu ya miwani, na kadiri inavyoongezeka ndivyo inavyoyasukuma maji yatokee chini. Ndiyo maana ni fremu ya juu inayobanwa, na ndiyo maana uso huelekezwa juu kidogo, ili ukingo wa chini uwe ndio mlango wa mwisho wa maji. Pumzi moja ndefu mara nyingi hutosha hata kwa miwani iliyojaa kabisa. Isipotosha, hakuna ubaya wowote katika kuvuta hewa kwa mdomo na kurudia.

Ukungu wenyewe hutokana na hewa iliyofungiwa ndani, ambayo hupata joto na unyevu kutoka kwenye ngozi na pua, huku kioo kikipozwa na maji ya nje. Mvuke ukikutana na kioo baridi hugeuka matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Mate, ambayo wengine huyaonea kinyaa, hulegeza ule mvutano unaoyafanya maji yasimame kama matone, nayo yakatandazika kuwa utando mwembamba unaopitisha mwanga. Shampuu ya watoto iliyochanganywa na maji hufanya kazi ileile, ila mimi nabaki na mate kwa sababu siwezi kuyasahau nyumbani. Hupakwa kwenye kioo kikavu, yakasuguliwa kila pembe, kisha kioo kikasuuzwa kidogo tu. Anayesuuza sana anaondoa kile alichokipaka. Miwani mpya haisikii mate mpaka kwanza isuguliwe kwa dawa ya meno, kwa kuwa kioo chake hutoka kiwandani kikiwa na utando wa mabaki ya silikoni. Wapo wanaouchoma utando huo kwa kiberiti cha gesi. Siipendi njia hiyo, maana moto haubagui kati ya utando na ukingo wa silikoni unaogusa uso.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba pua imepewa kazi mbili zinazopingana. Kila pumzi inayotoka puani inaongeza mvuke ndani ya miwani, hivyo mzamiaji mwenye mazoea ya kuvujisha hewa kwa pua atasumbuliwa na ukungu safari nzima. Hata hivyo, hawezi kuifunga kabisa. Kwenye kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu ya maji, na hewa iliyo ndani ya miwani, isipoongezwa, husinyaa na kuivuta miwani usoni kiasi cha kupasua mishipa midogo ya damu kwenye macho. Kwa hiyo wakati wa kushuka hutolewa pumzi kidogo kidogo kwa pua, na kina kikishatulia, pua hupumzishwa.

Yapo na mambo madogo ambayo kila mmoja huyagundua kwa uso wake: masharubu hupitisha maji, kucheka pia, na mkanda uliokazwa kupita kiasi huzidisha uvujaji kwa kuukunja ukingo wa silikoni. Anayevaa lenzi ndani ya macho hana budi kufumba macho maji yanapoingia, jambo linalomlazimu kuijua kazi hii yote kwa kupapasa.

Kesho tunarudi kwenye maji yaleyale. Kabla ya kuvaa nitaunawa uso kwa maji ya bahari ili upoe kwanza, na sitaiweka miwani kwenye paji la uso tukisubiriana, kwa kuwa hapo huchukua joto na jasho kabla hata ya kuzama.