Tochi ya Gairo kwa gari nililokwisha kuliuza

Nina kawaida ya kukagua deni la trafiki kila mwisho wa mwezi. Unaingia kwenye mfumo wa Polisi kwa simu, unaandika namba ya gari, na kama kuna faini popote nchini inajitokeza hapo hapo. Agosti 2023 nilikuwa nimekaa chumba cha walimu nasubiri kipindi cha saa nne, nikafungua simu na vidole vikaandika namba ya gari langu la zamani, Toyota IST, lile nililoliuza mwezi Machi. Mazoea. Kabla sijaifuta, majibu yakaja. Gari linadaiwa makosa matatu.

Yote matatu ni mwendokasi. Moja Dumila, mawili Gairo, barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Wanaopita njia ile wanajua: ukishaingia kwenye makazi ya watu kibao kinasema 50, na askari mwenye tochi, kile kifaa cha kupimia mwendo, unaweza usimwone kabisa, unakuja kusimamishwa na mwenzake mbele huko, anakuonyesha picha ya gari lako kwenye simu na spidi imeandikwa. Kila kosa ni shilingi 30,000. Mawili yalikuwa yameshaongezewa 7,500 kwa kuchelewa kulipwa. Jumla 105,000. Na mimi tangu Machi sijashika usukani, naenda kazini kwa bodaboda.

Pesa iliniuma, lakini haikuwa pesa iliyonikosesha usingizi usiku ule. Ni kujua kwamba kadi ya gari, ile ya usajili, bado inasoma jina langu. Huku kwetu namba haimfuati mwenye gari, inabaki na gari lenyewe, limepita mikono ya watu wawili au kumi. Kinachobadilika ni jina tu kwenye rekodi za TRA, Mamlaka ya Mapato, na jina lililokuwepo ni la kwangu. Miezi mitano gari linakimbia barabarani kwa jina langu. Je, lingemgonga mtoto wa watu pale Gairo na dereva akatokomea? Wa kwanza kugongewa mlango ningekuwa mimi.

Niliuza kwa sababu ya ada ya binti yangu aliyekuwa anaanza chuo. Dalali akaniletea kijana mmoja mpole, mfanyabiashara, anayeniita Mwalimu kila sentensi. Tukaandikishana kwa wakili, kila mtu na shahidi wake, picha na nakala za vitambulisho vikabandikwa kwenye mkataba. Pesa nikapokea yote. Kadi nikamkabidhi. Akaniambia, "Mwalimu, wala usihangaike, wiki ijayo nakwenda mwenyewe kubadilisha jina." Nikamwamini. Wiki ikapita, ada ikalipwa, nikasahau.

Jambo moja tu ndilo lililoniokoa. Wakili alisisitiza mkataba uandikwe siku na saa ya makabidhiano: 18 Machi, saa tisa alasiri, na kwamba kuanzia hapo kila kosa na kila ajali ni juu ya mnunuzi. Siku ile niliona ananichelewesha.

Namba ya mnunuzi haikupatikana. Dalali akapokea, akasema yeye kazi yake iliishia siku ya mauzo. Basi nikachukua bahasha yangu, mkataba ndani, nikaenda kituoni, ofisi ya usalama barabarani. Afande aliyekuwepo alisoma mkataba wote, ukurasa kwa ukurasa, halafu akaangalia yale makosa upande wake.

"Mama," akasema, "una leseni?"

Nikampa. Akalinganisha.

"Hayo makosa hayako kwenye leseni yako. Ila sikiliza. La Dumila lina leseni nyingine, na haya mawili ya Gairo yana leseni nyingine tena. Gari lako lina madereva wawili."

Nikasema afande, gari si langu. Akanijibu kwa upole, na maneno yake nayakumbuka hadi leo: "Kwa mkataba si lako. Kwa kadi ni lako. Deni linafuata gari, litakaposimamishwa aliyelishika atalipa. Wewe usihangaike na deni, hangaika na kadi." Akanishauri niandike maelezo pale pale, tarehe niliyouza na niliyemuuzia, nibaki na nakala yenye muhuri, halafu nimtafute mnunuzi kwa njia yoyote.

Njia ilikuwa ndani ya mkataba wenyewe. Shahidi wa mnunuzi alikuwa shemeji yake, na namba yake ilikuwa imeandikwa chini ya sahihi. Nilimpigia jioni, baada ya magharibi, watu wakiwa wametulia. Sikuanza na gari. Nilimsalimia, nikamuulizia watoto, ndipo nikamwambia: shemeji, sijapiga kwa ugomvi, lakini nimeshaandika maelezo polisi na ndugu yako ametajwa. Siku ya pili yake kijana akanipigia mwenyewe kwa namba mpya.

Ikawa kama afande alivyohisi. Alilitumia gari miezi miwili, akapata shida ya mtaji, akaliuza kwa mzee mmoja wa Gairo anayefanya biashara ya vitunguu. Kaliuza na kadi ile ile yenye jina langu. Akaomba radhi sana, halafu akaleta pendekezo: "Mwalimu, tufupishe. Wewe andikishana moja kwa moja na mzee kama vile umemuuzia wewe, tubadilishe mara moja, gharama iwe moja."

Nakiri nilitaka kukubali. Nilichoka, na ilionekana rahisi. Nikampigia wakili kwanza. Akaniuliza swali moja: huo mkataba mpya utauandika tarehe gani? Hapo nikaelewa. Nikisaini leo kwamba namuuzia mzee, nimekiri kwa maandishi kwamba gari lilikuwa langu hadi leo, na kila lililotokea kati ya Machi na leo nimelibeba mwenyewe. Na mkataba wangu halali wa 18 Machi ningekuwa nimeuua kwa mkono wangu. Yeyote atakayeambiwa "tufupishe" asimame hapo kwanza afikiri.

Nikamwambia kijana hapana. Litoke kwangu lije kwako, litoke kwako liende kwa mzee. Akalalamika gharama. Kubadilisha umiliki ni 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei, na kwa njia yangu vyote vinalipwa mara mbili. Nilimhurumia, ni kijana anayehangaika kama wanangu. Lakini nilishikilia. Kwa upande wangu nilijitolea siku nzima ya kazi, nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule.

Tulikutana nje ya ofisi za TRA Morogoro, wote watatu. Mzee alikuja na gari. Nililiona linaingia nikashtuka kidogo, maana kwenye kioo cha nyuma bado kulikuwa na stika ya kipepeo aliyoibandika binti yangu akiwa darasa la sita, imepauka bawa moja. Kiti cha nyuma kilijaa maganda ya vitunguu. Mzee akashuka, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nisamehe. Nilijua kadi ni ya jina la mwanamke, nikadhani ni mke wake."

Sikuwa na neno la kumjibu mzee yule. Alikuwa amenunua kwa jasho lake, na yeye pia, kama mimi, hakuwa salama: siku moja angeweza kuambiwa gari ni la wizi.

Kuhusu madeni hapakuwa na mabishano, maana nilikuja na mkataba na tarehe za makosa nimezichapisha. La Dumila kijana akalilipa. Ya Gairo mzee akayalipa mwenyewe pale pale kwa simu, namba ya malipo ikisomwa na mjukuu wake tarakimu moja moja. Kisha tukapanga foleni na makaratasi: mikataba yote miwili, kadi halisi, vitambulisho, TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya kila mmoja. Haikuisha siku ile. Kijana alirudi mara mbili, na mimi nikawa nampigia kila Ijumaa bila kukosa mpaka aliponitumia picha ya kadi mpya yenye jina lake.

Sikuridhika na picha. Nilimwomba nakala, akaileta shuleni, nikaiweka kwenye bahasha ile ile pamoja na mkataba na maelezo yenye muhuri. Mzee alipata kadi yake wiki tatu baadaye. Alinipigia kunijulisha, na kuuliza kama namruhusu abandue ile stika ya kipepeo, maana mjukuu wake anaitaka. Nikamwambia, baba, gari ni lako.