Alizeti chotara: kazi iko kwa mama

Wengi wanaoanza kuzalisha mbegu chotara za alizeti huhangaikia baba, yaani mmea unaotoa chavua. Mimi naona shamba huharibikia upande wa mama, yaani mmea unaobeba mbegu.

Ndani ya petali za njano, kichwa kimoja kina mamia ya vijiua, na kila kijiua hicho kina jinsia zote mbili, kwa hiyo kuondoa chavua kwa mkono shamba zima ili mama asijichavushe hakuwezekani. Njia ilipatikana mwaka 1969, pale mtafiti Leclercq wa Ufaransa alipoeleza alizeti isiyotoa chavua, iliyotokana na kuichanganya na jamaa yake wa porini, Helianthus petiolaris. Utasa huo umo kwenye saitoplazimu, sehemu ya seli iliyo nje ya kiini chake, basi hupita kwa mama peke yake. Ndiyo maana koo ni tatu: mama tasa, mtunzaji anayetoa chavua ya kumzalisha mama huyo, na baba mwenye jeni la kuwarudishia watoto uwezo wa kutoa chavua.

Maua yakianza, pita kwenye mistari ya mama kila asubuhi na mapema. Vijiua hufunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati. Gusa duara la nje: mmea tasa una vifuko vya chavua vilivyosinyaa, visivyochomoza. Kidole kikitoka na unga wa njano, ng'oa mmea huo papo hapo, kabla nyuki hawajaamka.

Nyuki wenyewe wana vituko. Wanaotafuta chavua hukaa kwa baba tu. Wanaofuata nekta ndio wanaovuka mistari, hivyo mama mwenye nekta kidogo hubaki na mapepe. Baba hupendelewa mwenye matawi kwa sababu huchanua siku nyingi, na hata hivyo ni busara kumpanda kwa awamu mbili. Akimaliza kuchanua, mfyeke, mbegu zisichanganyike.

Sasa mafuta. Ganda ni tishu ya mama: likiwa nene, asilimia ya mafuta hushuka hata kiini kikiwa kizuri. Asidi ya oleiki, mojawapo ya asidi za mafuta hayo, ni tofauti, kwani kiini hupokea jeni za wazazi wote wawili. Aina ya Pervenets, iliyotolewa na mtafiti Soldatov mwaka 1976 huko Urusi, ndiyo chimbuko la alizeti nyingi zinazozidi 80% ya oleiki, na ni salama zaidi sifa hiyo iwekwe kwa mama na baba. Chavua ya alizeti ya kawaida ikiingia, oleiki inaweza kuporomoka msimu huohuo, kwa hiyo tenga shamba kwa angalau kilomita 3.

Mkulima akirudia kupanda mbegu alizovuna kwenye chotara, takriban robo ya mimea itatoka tasa. Hiyo si hasara kubwa, maana chavua ya jirani itaitosha. Kinachouma ni vimo na siku za kukomaa kuachana, na uvunaji wa mkupuo mmoja kushindikana.