Kusi, Samaki na Jezi ya Njano

Julai ni mwezi wa kusi. Anayetoka Kilifi kwenda Mombasa kwa baiskeli mwezi huo atakutana na upepo usoni na kwenye bega la kushoto, kuanzia daraja la Kilifi hadi daraja la Nyali, na hapana wa kumwambia pole. Sisi tulilijua hilo na bado tukaenda. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 4 Julai 2025. Kesho yake Tour de France, mbio za baiskeli za wiki tatu ambazo anayeongoza huvaa jezi ya njano, ilikuwa inaanza Lille, kaskazini mwa Ufaransa, na wenzetu wa Mji wa Kale walikuwa wametualika tukatazame hatua ya kwanza, yaani mbio za siku ya kwanza, pamoja nao. Matatu zilikuwepo, tena nyingi. Lakini unakwenda kubishana habari za waendesha baiskeli, halafu watu wakuone unashuka kwenye matatu, kwa uso gani?

Tulikutana Mnarani baada ya swala ya alfajiri. Kulikuwa na Fundi, ambaye baiskeli yake ameiunga mwenyewe kwa vipuri vya mtumba na hakubali iguswe na mtu mwingine. Kulikuwa na vijana wa chuo, wepesi na wenye maneno. Kulikuwa na dada mmoja nesi aliyekuwa likizo kwao Kilifi na sasa anarudi kazini Bamburi. Yeye ndiye aliyetuzidi sote pumzi, ingawa vijana hawatakubali nikisema hivyo. Na mimi, na baiskeli yangu ya milimani katika nchi isiyo na mlima. Safari yenyewe ni kama kilomita 60.

Mpaka njia panda ya Takaungu tulikwenda vizuri. Baada ya hapo jua likapanda, na upepo nao ukaamka.

Kuendesha kwenye upepo kuna kanuni nyepesi kuieleza na ngumu kuitii. Wa mbele anaukata upepo, wa nyuma wanajificha, kisha wanapokezana. Upepo ukija wa usoni, mnakaa mstari mmoja. Ukija wa ubavuni, pa kujificha panahama: hukai tena nyuma ya mwenzio, unakaa nyuma yake kidogo, upande ule ambao upepo unaelekea. Wa tatu naye hivyo, wa nne naye hivyo, mpaka safu inakaa mshazari na kuumaliza upana wa barabara. Atakayekosa nafasi kwenye safu hiyo anabaki ukingoni na upepo wake wote peke yake. Kwenye mbio kubwa, hapo ndipo kundi linapokatika vipande.

Kwetu safu ya mshazari haiwezekani. Tunaendesha kushoto, bahari iko kushoto, kusi inatoka huko huko. Kinga ya upepo basi iko kulia, na kulia ndiko yanakopita malori. Kwa hiyo tulibana ukingoni, mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu akila sehemu yake ya upepo, na pale ambapo barabara ilikuwa bado inapanuliwa tukala na vumbi juu yake. Kijana mmoja alijaribu kujitanua kulia kidogo. Trela lilimpigia honi, akarudi ameshika adabu.

Vipingo tulisimama kwa madafu, mashamba ya mkonge yakiwa yametuzunguka. Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na kama kawaida ulianza na Froome. Mkenya akizungumza Tour bila Chris Froome huwa kama ameruka salamu: amezaliwa Nairobi mwaka 1985, amefundwa kwenye vilima vya Kikuyu na David Kinjah, ameiendeshea Kenya mpaka 2008 alipochukua leseni ya Uingereza, kisha akashinda Tour mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Vijana wanasema ni wetu. Fundi anasema aliyekwenda amekwenda, na kama ni kulia tumlilie marehemu Suleiman Kangangi, aliyeshika nafasi ya tatu Tour du Rwanda 2017, akafariki kwenye mashindano huko Vermont, Marekani, Agosti 2022. Hapo hapakuwa na wa kumjibu. Tulimaliza madafu.

Lakini Froome alituachia jambo moja lililotufaa siku ile. Mwaka 2018, kwenye Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia ambazo anayeongoza huvaa jezi ya waridi, aliondoka peke yake kwenye mlima wa Colle delle Finestre, akaendesha kilomita 80 bila mwenzi na akalitwaa taji. Aliyevuliwa jezi ya waridi siku hiyo alikuwa Simon Yates. Mwisho wa Mei 2025, kwenye mlima ule ule, Yates akaichukua jezi hiyo na kushinda Giro. "Sasa sikilizeni," Fundi akasema, ameshika dafu kama spika wa bunge. "Mtu huyo, bingwa wa Giro wa mwezi uliopita, kesho anaingia Tour kumtumikia Jonas Vingegaard, kiongozi wa timu yake. Kumkingia upepo. Kumletea chupa za maji. Mkipima wagombea, msimpime mtu. Pimeni na anaofuatana nao."

Maneno hayo niliyasikia vizuri zaidi kutoka Kikambala kwenda Mtwapa, ilipofika zamu yangu ya mbele. Ukiwa wa mbele humwoni mtu, unaona lami na mita za kasi zinavyoshuka. Nilitamani kuwa na Simon Yates.

Mtwapa tulikunywa chai kwa mahamri na mbaazi. Shanzu, Bamburi na Kongowea sina la kusema ila tuktuk, moshi, na nesi aliyetuaga kwenye njia ya kwao akiahidi kuja kesho baada ya zamu. Daraja la Nyali upepo ulitusukuma sana, kisha tukawa kisiwani.

Baada ya isha tulikaa barazani Mji wa Kale. Muuza kahawa alikuwa na dele lake na vikombe vinavyogongana, kahawa tungu yenye tangawizi, kashata pembeni. Wenyeji wetu ni watu wa rika mbalimbali, na kila mmoja ana mtu wake kwenye Tour kwa sababu ambazo huzipati magazetini.

Mmoja wao yuko upande wa Tadej Pogačar wa Slovenia kwa kuwa timu yake ni ya Emirates, na nduguze wawili wanafanya kazi Abu Dhabi. Hoja dhaifu, lakini mtu mwenyewe hahitaji hoja. Mwaka 2024 Pogačar alishinda Giro, Tour na ubingwa wa dunia, jambo lililokuwa halijafanyika kwa wanaume tangu Stephen Roche mwaka 1987. Msimu wa 2025 alikuwa ameshachukua mbio za siku moja za Flanders na Liège, na Juni akamshinda kila mtu kwenye Critérium du Dauphiné. Alikuwa na umri wa miaka 26. "Na wasaidizi anao," yule bwana akaongeza. "João Almeida ameshinda mbio tatu za wiki nzima mwaka huu: Nchi ya Basque, Romandie na Uswisi. Huyo ni mtumishi tu!"

Upande wa pili alikaa mzee mchuuzi wa samaki, ambaye sote tunamwita Ami. Yeye ni wa Jonas Vingegaard, na sababu yake ni moja: kabla ya kuwa bingwa, kijana yule alikuwa akifanya kazi kwenye samaki huko Hanstholm, Denmark, asubuhi mapema, kisha ndipo akapanda baiskeli. "Mtu aliyeamka kwa ajili ya mnada wa samaki," Ami akasema, "huyo wajua kwamba ataamka kesho pia. Hawa wengine siwajui."

Kicheko kilipopoa, Ami alionyesha kwamba njia ya mashindano anaijua kuliko tulivyodhani. Alianza kuhesabu milima. Hautacam: hapo mwaka 2022 Vingegaard alimwacha Pogačar. Ventoux: hapo mwaka 2021 alimwacha karibu na kilele, ingawa alinaswa kwenye mteremko. Loze: hapo mwaka 2023 Pogačar aliishiwa kabisa na akawaambia wenzake kwenye redio kwamba kwisha. "Mwaka huu wanapita pote patatu. Aliyeichora njia hii amemrudisha mtu penye makovu yake."

Nilimwambia kwamba mwaka 2024 Pogačar alimshinda mtu wake kwa dakika 6 na sekunde 17. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mwaka ule Jonas alitoka hospitali. Aprili alianguka Basque, pafu likatoboka. Akawa wa pili. Wewe pafu likitoboka utakuwa wa ngapi?"

Kijana mmoja wa Majengo alikuwa na Remco Evenepoel. Alikuwa peke yake, na alijitetea kwa sauti kubwa kama wafanyavyo walio peke yao: dhahabu mbili za Olimpiki Paris, mfalme wa mbio dhidi ya saa, kila mtu akiendesha peke yake, na kwenye Dauphiné ile ile ndiye aliyewashinda wote siku ya saa. Kuna kilomita 33 za saa Caen siku ya tano, akasema. Pale atachukua njano. Akakumbushwa kwamba Desemba alijigonga kwenye mlango wa gari la posta akiwa mazoezini. Mtu akasema ndiyo faida ya tuktuk, haina mlango.

Na Biniam Girmay hakuwa na mpinzani barazani. Si wa kushinda Tour nzima, kila mtu alijua. Lakini kijana wa Asmara aliyeshinda hatua tatu mwaka 2024 na kurudi na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya yote mawili, huyo haulizwi. Kwake hatukujadili, tulimwombea tu.

Hoja iliyonikaa mimi haikutoka kwa yeyote kati ya hao. Ilitoka kwa mzee mmoja nahodha mstaafu aliyekuwa kimya muda wote, asiyefuata mbio za baiskeli, aliyekuja kwa kahawa. Aliuliza: huko Lille ni nchi ya namna gani? Tukamwambia tambarare, mashamba, karibu na bahari ya kaskazini. Upepo? Upo. "Basi mnazungumza milima ya nini," akasema, "na wana wiki nzima ya upepo kabla hawajaiona?" Akamaliza kikombe chake, akaaga.

Jumamosi tulijaa kwenye mgahawa wa rafiki yao wenye televisheni. Nesi alifika na sare yake ya kazi. Timu 23, watu wanane wanane, na kwa saa nzima, kusema kweli, hakukutokea jambo. Watu walikula viazi karai na kutazama mashamba ya Wafaransa. Kisha, zikiwa zimebaki kilomita chini ya 20, upepo wa ubavuni ukaingia na timu ya Vingegaard ilikuwa miongoni mwa zilizochapa mbele. Safu ikakaa mshazari. Fundi alisimama juu ya kiti. Kipande cha mbele kikawa na Vingegaard na Pogačar. Nyuma, kwenye ukingo na upepo wao, walibaki Evenepoel na mgombea mwingine, Primož Roglič.

Hapo adhana ya maghribi ikatoka. Nusu ya mgahawa ikaondoka kwenda kuswali, Ami akiwa wa kwanza, akitembea huku ameangalia nyuma. Waliporudi tuliwapa habari: Jasper Philipsen ameshinda na kuvaa njano, Girmay wa pili, Evenepoel amepoteza sekunde 39. Kijana wa Majengo alisema sekunde 39 si kitu. Ni kweli si kitu mlimani. Lakini zile hakuzipoteza kwa miguu, alizipoteza kwa mahali alipokuwa amesimama, na mimi niliyetoka kuisaga barabara ya Vipingo sikuweza kumcheka.

Ami alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda Tour siku ya kwanza. Akaahidi mbele ya watu: mtu wake asipovaa njano Paris, yeye atawalisha baraza zima nguru.

Mambo yalikwendaje mnajua. Almeida alivunjika ubavu na kutoka, msaidizi mkubwa wa Pogačar ndiyo hakuwepo tena, na bado Pogačar akaenda Hautacam, kwenye kovu lake, akamaliza kazi mwenyewe. Yates alishinda hatua moja. Evenepoel alishuka kwenye baiskeli hatua ya 14. Pale Paris, tarehe 27 Julai, Pogačar alikuwa mbele ya Vingegaard kwa dakika 4 na sekunde 24. Kanuni ya Fundi ya kupima wafuasi ni nzuri kwa binadamu wa kawaida; yule wa Slovenia haimtoshi.

Nguru tulimla. Ami alimkaanga mwenyewe, hakukubali wali wa mtu mwingine karibu yake, na katikati ya mlo akaanza kuuliza kuhusu basi la Kigali. Septemba mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa yanakuja Afrika kwa mara ya kwanza, na vilima vya Kigali, alisema, vina mteremko mwingi. Mtu aliyefundishwa na samaki atatulia. Tukamwambia Vingegaard hajatajwa kwenda. "Basi nitakwenda kumwangalia huyo mwingine anguke," akasema, na nesi akaanza kupiga hesabu ya nauli kupitia Nairobi na Kampala.